Ofa ya Mama Kasyoka

Picha waliyoichagua kwa kijitabu cha mazishi ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikuwa nimekaa hema la pili, nyuma ya akina mama wa kanisa, nikapokezwa kijitabu chenyewe, nikakifungua huku nikipapasa miwani kwa mkoba, na kabla sijaipata miwani nikawa nimeijua picha. Mama Kasyoka amesimama wima, kitambaa cha kichwa kimenyooshwa vizuri, amekumbatia miche mitatu ya sabuni ya kufulia iliyofungwa pamoja kwa utepe, na nyuma yake kuna karatasi ya manjano iliyoandikwa OFA kwa herufi kubwa. Anatabasamu. Chini yake wajukuu wameandika, kwa jina wanalomwita nyanya yao: "Susu, enzi zake za matangazo." Mjukuu wake Mumbua, ambaye kazi yake huko Mavoko ni kutangaza bidhaa za watu kwa mitandao, akaniinamia sikioni. "Auntie Ndunge, umeona? Susu alikuwa influensa kabla yetu sote." Alicheka na machozi bado yako kwa mashavu. Mimi nikasema mm, nikajifanya nafuta miwani. Katika mahema yote yale, aliyebaki akijua ile picha ilipigwa kwa nini ni mimi, na yule aliyelala ndani ya sanduku.

Sitawachosha na habari za nilikotoka. Kila mtu ametoka mahali. Mwaka ninaousema ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa msichana aliyemaliza shule na kupanga chumba cha nyuma kwa Mama Kasyoka, upande wa mji wa Machakos unaotazama vilima vya Iveti. Mwanzoni mwa mwaka huo ndipo kulipofunguliwa duka kubwa la kujihudumia, la kwanza ambalo wengi wetu tuliwahi kuingia. Vijana wa leo hawawezi kuelewa. Sisi tulizoea duka la wavu: unasimama nje, unataja unachotaka, mwenye duka anakipitisha kwa kadirisha, na kikifika mkononi mwako basi mmeshamalizana. Sasa ghafla vitu vimepangwa wazi, mtu anatembea katikati akishika hiki na kile bila kuulizwa. Wazee walikuwa wanaingia na mikono nyuma, kama wameingia nyumba ya mkwe. Nami nikapata kazi hapo, tena kazi ya kujivunia: nilipewa fulana ya manjano na maiki, nikawekwa mlangoni niite watu kwa Kiswahili na Kikamba.

Maneno ya kuitia sikuyatunga mimi. Yaliletwa na afisa wa mauzo kutoka Nairobi, jamaa mcheshi tuliyembandika jina la Tai, kwa sababu tai yake ilikuwa fupi na haikuwahi kufika mshipi. Alikuja kila mara kukiwa na promosheni, akatukalisha stoo wakati wa chakula, sisi juu ya magunia ya unga na chapati zetu na ndengu, yeye amesimama akitufundisha. Nakiri nilipenda kumsikiliza. "Neno la maana hapa ni moja," alikuwa anasema akiinua karatasi iliyoandikwa PUNGUZO HADI NUSU BEI. "Ni hili *hadi*. Nikishusha ufagio mmoja nusu bei, na vingine vyote nikavishusha kidogo tu, nimedanganya? Sijadanganya. Nimesema hadi." Tukacheka na ndengu mdomoni. Akatueleza mbona bei zinaishia tisa tisa: jicho la mtu husoma tarakimu ya kwanza, linachoka, linaondoka. Akatueleza "wakati bidhaa zipo", kwamba unaweka vichache, unaita wengi, na wanaokosa wanaona haya kurudi mikono mitupu, wananunua kingine. "Mpya, iliyoboreshwa" ni karatasi mpya, na mche ndani umepungua kidogo. "Masharti yatatumika" ni yale maandishi ya chini yanayotaka macho ya panya. Na sukari, ile iliyorundikwa mwisho kabisa wa duka kwa bei ya chini ambayo hakuna duka la wavu lingeweza, hiyo ni chambo. Duka linapata hasara kwa sukari, lakini hakuna mtu anayeifikia bila kupita kwa mafuta, majani na biskuti, na watoto wakiwa nyuma. "Sukari ndiyo minyoo," Tai alisema, "nyinyi ndio fimbo ya kuvulia."

Jioni nilikuwa nayabeba hayo yote hadi jikoni kwa Mama Kasyoka, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuyapeleka. Lilikuwa jiko la mabati, jeusi ndani, na msumari mmoja kando ya mlango ambapo aliangika funguo za kanisa. Zile funguo zilikuwa zimemfikia mwaka huo huo, na hazikumfikia kwa wepesi. Kuna mzee wa kanisa aliyesimama katika mkutano akasema mjane anayepangisha vyumba kwa watu asiowajua hafai kushika funguo za nyumba ya Mungu. Walibishana wiki nzima kabla hajapewa, na huyo mzee alitoka kikaoni akisema tu, "Tutaona." Mama Kasyoka alinisimulia hayo akichagua mawe kwenye nzuu, zile mbaazi zetu, bila kuinua macho. Alikuwa mtu wa kuongea polepole, na alikula baada ya wote. Mwezi wangu wa kwanza, kabla sijapata mshahara, nilikuwa najifungia chumbani nikisema nimeshiba, na yeye akaja akagonga kwa mwiko. "Toka. Muthokoi imeiva." Nikamwambia mwaitu, yaani mama yangu, nitakulipa mwisho wa mwezi. Akanisukumia sahani ya hayo mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. "Kula. Leo ofa ni yangu." Ndivyo sisi tunavyolitumia hilo neno. Ofa ni mtu amekununulia. Ukiambiwa ofa ni ya fulani, wewe unakula, yeye ndiye mwenye kulipa, na mkono ukienda mfukoni unamtukana.

Nililiwaza hilo Disemba, Tai alipokuja na karatasi za manjano. Miche ya sabuni ilikuwa inafungwa mitatu mitatu kwa utepe. Unalipa miwili, wa tatu unaongezewa. Na maneno yangu ya maiki yalikuwa haya: "Krismasi hii, ofa ni yetu! Mama, pita ndani, chukua ofa yako!" Siku moja kabla ya kuanza, nilikuwa stoo nikila, na ukuta kati ya stoo na ofisi ya meneja ulikuwa wa mbao nyembamba tu. Nikamsikia meneja, mtu wa hapa hapa kwetu, akiuliza, "Lakini si watu wa huku wakisikia ofa ni yetu, wanafikiria wamenunuliwa?" Kisha sauti ya Tai: "Wacha wafikirie. Wakishaingia, wameingia." Meneja akacheka. Nikateremsha chapati kwa chai, nikajiambia hayo si ya mtu wa fulana ya manjano. Nilihitaji ile kazi kuliko nilivyohitaji kuwa mtu wa maswali.

Mama Kasyoka alikuja Jumamosi, duka limejaa hadi pumzi hazitoshi. Hakuwa ametumwa na mtu. Alikuwa anataka sabuni ya kufulia vitambaa vya madhabahu kabla ya Krismasi. Alinipita mlangoni, nikamtikisia kichwa katikati ya maneno, naye akanyoosha kitambaa chake kwa haya, kama mzazi anayemwona mtoto wake kwenye jukwaa. Baada ya muda nikamwona anatoka amekumbatia ile miche mitatu kifuani, wazi, mbele ya kila mtu, na kunipita akanishukuru kwa Kikamba kama binti yake, "Nĩ mũvea, mwiitu. Mungu awabariki na ofa yenu." Maiki ilikuwa mdomoni. Nilifikiri amelipa. Hakuwa ameshuka hata ngazi, askari wa mlangoni akamgusa kiwiko. "Mama, ngoja hapo kidogo. Meneja anakuja."

Lazima niwaeleze kuhusu ule ukuta. Kando ya mlango wa kutokea, duka lilikuwa na ubao ulioandikwa juu WEZI WETU, na chini yake kumebandikwa picha za waliokamatwa, kila mmoja ameshikishwa alichochukua. Meneja alikuwa na kamera ile inayotema picha papo hapo. Alikuja nayo, mpole kabisa kwa sababu ya wateja, akamwambia Mama Kasyoka, "Simama hapa. Shika hiyo vizuri. Tazama hapa." Na Mama Kasyoka, ambaye alishaona kwa magazeti watu walioshinda vitu wakipigwa picha na zawadi zao, akafikiri hii nayo ni sehemu ya ofa. Akaweka miguu pamoja. Akanyoosha kitambaa. Akatabasamu. Nilimwona akitabasamu, na mimi nilijua ile kamera ni ya nini. Taa ya kamera ikamulika. Ndipo meneja akamwambia, taratibu, kwa Kikamba, ili aelewe bila kukosea, kwamba yeye ni mwizi.

Walimwingiza stoo, wakamkalisha kwenye gunia nililokuwa nalikalia mimi kila mchana. Niliacha maiki nikawafuata. Alikuwa bado ameikumbatia sabuni, kwa sababu hakuna aliyemwambia aiweke wapi. "Mlisema ofa ni yenu," aliniambia mimi, si meneja. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayeuliza njia. Meneja akasema atalipa faini ama ataitiwa polisi, na kwa vyovyote picha inakaa ukutani mpaka mwaka uishe, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria ya duka. "Mwizi anaficha," nikasema. "Huyu amebeba hadharani. Amewashukuru." Meneja akajibu kwamba huo ndio ujanja wenyewe, na kwamba kila mtu anajua ofa ni nini. Nikamtazama. "Meneja, hapa ukutani panasikika," nikasema. "Nilikusikia na Tai." Aliutazama ule ukuta wa mbao. Kisha akasema, "Ulisikia nini? Rudi kwa maiki, Ndunge, kabla sijakutafutia nafasi yako kwenye huo ubao." Mama Kasyoka akanishika mkono. "Nenda, mwiitu. Usipoteze kazi kwa ajili yangu." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kesho ibada ikiisha watu wote wanapita hapa kununua mkate." Moyoni niliuona ule msumari wa funguo kando ya mlango wa jiko, hauna kitu. Nilimwona yule mzee wa kanisa akisimama mbele ya ubao na mkate wake kwapani.

Nikarudi kwa maiki. Picha ilikuwa imeshabandikwa, ingali na rangi zinazokolea, hatua chache kutoka begani kwangu, na watu walikuwa wanaipita wakiitazama. Tai alikuwa amesimama kwenye rundo la sukari huko mwisho, akaniinulia kidole gumba niendelee. Nikafungua mdomo, na kweli nilikuwa naenda kusema Krismasi hii ofa ni yetu; maneno yalikuwa yamepangana. Badala yake nikasema, "Wenyeji, kuna kosa, naomba nilirekebishe. Ofa ya hapa si ofa ya kwetu." Watu wachache wakageuka. Nikasema tena kwa Kikamba. Nikaeleza kwamba ofa ya duka hili ni ulipe miche miwili ndipo uongezewe mmoja, na usipolipa utapigwa picha, na picha iko hapa, na huyo mama amesikia sauti yangu mimi, akaamini. Nikadhani nitaishia hapo. Lakini mtu mmoja kwenye foleni, fundi wa kuchonga kutoka Wamunyu aliyekuwa na vumbi la mbao kwa nywele, akaniuliza kwa sauti, "Na hii hadi nusu bei, nayo ni nini?"

Basi nikamjibu. Nikasema *hadi* maana yake ni ufagio. Nendeni muulize kitu gani kingine kimeshuka nusu, mje mniambie. Watu wakacheka, na kicheko kikanipa nguvu ambayo sikuwa nayo. Nikasema hiyo bei inayoishia na tisa, isomeni kwa kuanzia nyuma. Nikasema sabuni mpya iliyoboreshwa, ishikeni kwa mkono mmoja na ile ya zamani kwa mkono mwingine. Askari wa mlangoni alikuwa anatazama viatu vyake. Tai alishaanza kuja, anapenya kati ya watu, tai imemruka begani, na nikajua nina dakika chache tu, kwa hivyo nikasema la mwisho. "Sukari ni ya kweli. Hiyo bei ni ya kweli kabisa, duka linaumia kwayo. Imewekwa mwisho ili mpite kwa vingine. Chukueni sukari, na mkitaka, msichukue kingine."

Sikuwahi kuona kitu kama kile tena maishani, na nimeuza vitu miaka yote tangu hapo. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyesukuma. Akina mama walirudisha mafuta kwenye rafu, wakarudisha biskuti wakiwapokonya watoto, wakaenda mwisho wa duka, kila mmoja akarudi na sukari peke yake, akasimama kwa foleni akitazama mbele. Foleni nzima ilikuwa ya sukari. Waliolipa hawakuondoka, walibaki barazani, vifurushi mkononi, wakiangalia ule ubao. Yule fundi alikwenda akasimama karibu kabisa na picha. "Huyu ni Mama wa funguo," akasema, si kwa ukali. "Yuko wapi?" Tai alinipokonya maiki akaizima, ikalia kwa mlio mbaya. Meneja akatoka stoo. Aliangalia foleni, akaangalia rundo la sukari lililokuwa linayeyuka kama barafu, akaangalia baraza. Nilimwona uso wake ukipiga hesabu. Alienda kwa ubao akaibandua picha, pembe moja ikachanika kidogo, akaniwekea mkononi. "Mchukue mtu wako," aliniambia. "Na hiyo fulana iache."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nikiwa na sweta ya askari aliyenionea huruma. Nilikuwa nimehofia atalia, lakini niliyelia ni mimi, njia nzima, kwa hasira na kwa woga wa kesho, kwa sababu sasa sina kazi na mwaka unaisha. Nilitaka kuichoma ile picha kwa jiko. Akaninyang'anya. Akaitazama sana karibu na moto, ile nguo yake nzuri, ule mkao wake. "Nilipendeza lakini," akasema, kisha akaiweka ndani ya Biblia. Kesho yake alitangulia kanisani kama kawaida, akafungua mlango, akasimama hapo hapo akisalimia kila aliyeingia, na yule mzee wa kanisa pia. Kilichosemwa kilisemwa, mjini maneno hayakosi. Lakini hakukuwa na picha ya kuonyesha, na funguo zilikaa kwake mpaka magoti yalipomkatalia ngazi. Usiku ule wa Jumamosi, lakini, hatukuwa tunajua lolote kati ya hayo. Aliniwekea muthokoi mbele, nami nikakumbuka mshahara sitaupata, nikaisukuma sahani. Nilijua hawezi kulisema lile neno tena, baada ya siku kama ile. Akairudisha sahani kwa kidole. "Kula," akasema. "Ofa ni yangu."

Niliishi kwa sahani yake hadi mvua za mwaka uliofuata, ndipo nikaanza kuuza vyombo sokoni Tala, na duka langu liko huko mpaka leo. Kuna wateja wanaonicheka kwa sababu sibandiki kitu chochote dukani isipokuwa bei. Mumbua mwenyewe amewahi kuniambia, "Auntie, hauna branding." Nikamwambia niko na sufuria.

Watu walipoanza kutawanyika, Mumbua akarudi akakaa kando yangu, kijitabu mapajani. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ile pembe ya picha iliyochanika. "Susu alikuwa akisema tu ilikuwa ya tangazo, lakini hakuwahi kutuambia yote," alisema. "Wewe si mlikaa naye wakati huo? Ni ukweli alitangaza sabuni?" Nilikuwa nimelingoja hilo swali tangu asubuhi, na nilikuwa nimeandaa majibu ya kila aina. Lakini Mama Kasyoka mwenyewe alishachagua jina la ile picha, na hakuniomba nilibadilishe.

"Ni ukweli," nikasema. "Mimi ndiye nilikuwa na maiki."

"Na walimpa hiyo sabuni?"

"Hapana. Aliirudisha yeye mwenyewe. Aliiweka kwa kaunta, akaifuta vumbi kwa kitambaa chake, ndio tukatoka."

Mumbua akaiangalia picha tena. "Hiyo sasa ni Susu kabisa," akasema.